Bega la bibi: uchambuzi wa sanamu ya 3D iliyoharibika mkono ulipoinuka

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: animesheni fupi ya bibi wa miaka kama 70. Ameketi, anainuka, ananyoosha mkono wa kulia juu ya kichwa na kutoa kitabu kwenye rafu. Msanii aliyeianza si mwanagenzi. Anajua kuchonga, anajua mwanga, na nyuso anazotengeneza zina uhai. Alichukua sanamu ya msingi ya MakeHuman, programu ya kutengeneza miili ya watu kwa slaida, akaiingiza Blender, programu ya 3D, kwa kiongezi cha MPFB, akaizeesha, akaivisha blauzi na sketi, akatoa picha tuli ambayo mteja aliikubali bila pingamizi.

Mambo yaliharibika alipoanza kuiendesha. Mkono ulipofika usawa wa bega, kwapa lilizama. Ulipopita hapo, nyama ya bega lote ilihama nyuma, upande wa kifua ukanyonywa ndani, na ngozi ikachomoza nje ya blauzi. Faili liliponifikia lilikuwa na mofu 14 za kusahihisha, zote za bega moja. Mofu ni umbo la pili la sanamu ileile, ambalo slaida hulivuta taratibu kutoka 0 hadi 1. Ujumbe ulioambatana na faili ulisema: "Kaka, nikilinyoosha bega hapa linaharibika pale. Ni mofu gani sijatengeneza bado?"

Hakukuwa na mofu iliyosahaulika. Kasoro haikuwa kwenye mofu hata kidogo, na hapo ndipo wengi wetu waliokwisha kuvuka hatua ya mwanzo hukwama. Sanamu ya binadamu ina matabaka: umbo, mifupa, uzito unaounganisha ngozi na mifupa, mofu za kusahihisha, kisha rangi ya ngozi na nguo. Kila tabaka linaegemea lililo chini yake. Kasoro ya chini ukiizibia juu itatulia kwenye mkao ule uliokuwa ukiutazama, kisha itajitokeza kwenye mkao mwingine. Ndiyo maana mofu zilifika 14, na zingeweza kufika 40 bega likiwa vilevile.

Kuvua kila kitu

Hatua ya kwanza ilikuwa kurudisha sanamu kwenye hali ambayo haiwezi kuficha kitu. Mofu zote za kusahihisha zilirudishwa 0 na draiva zake, yaani kanuni zinazozisogeza slaida zenyewe kufuatana na mkao, zikazimwa. Nguo zilifichwa. Ngozi ilibadilishwa kuwa kijivu kisichong'aa, kwa sababu picha nzuri ya ngozi hudanganya jicho: mikunjo iliyochorwa hufanya bonde la kwapa lionekane kama kivuli cha kawaida. Kisha mifupa ikawekwa ionekane mbele ya mwili, na sanamu ikatazamwa kwa kamera isiyopunguza ukubwa wa kitu kwa umbali, kutoka mbele, ubavuni na juu.

Ubavuni jibu lilikuwa wazi. Kitovu cha kiungo cha bega, yaani pale mfupa wa mkono wa juu unapoanzia, kilikuwa sentimita 3 hivi nyuma ya mahali palipotakiwa. Nyama ya bega ilikuwa mbele na chini. Mfupa ulikuwa umebaki kwenye mwili wa kijana.

Kufahamu jinsi ilivyotokea kunahitaji kujua namna MakeHuman ilivyopangwa, na mimi nauona mpango huo kuwa mojawapo ya mambo yaliyofikiriwa vizuri sana katika programu hizi. Mwili unaoonekana una nukta 13,380, lakini meshi nzima, yaani wavu wa nukta unaounda sanamu, ina nukta 19,158. Zilizozidi ni maumbo saidizi yaliyofichwa, na miongoni mwake mna vichemraba vidogo vilivyokaa ndani ya kila kiungo. Ukisogeza slaida ya umri, urefu au unene, vichemraba husogea pamoja na nyama, na programu inaweza kupata kitovu cha kiungo kwa kusoma katikati ya kichemraba chake. Kwa hiyo ukimrefusha mtu, mifupa yake hukua naye.

Msanii wetu alitumia slaida ya umri mpaka ikafika mwisho wa uwezo wake, na matokeo hayakumridhisha. Alikuwa na haki. Slaida za umri hutoa uzee wa wastani, na alichokitaka ni mtu fulani. Basi alifuta maumbo saidizi ili faili liwe jepesi, akashika brashi ya kuchonga, akayavuta mabega mbele na chini, akaupinda mgongo wa juu, akasogeza shingo mbele. Mwili ukapendeza. Lakini vichemraba havikuwepo tena kuiambia mifupa kwamba nyama imehama.

Hesabu ya sentimita 3

Sentimita 3 zinaonekana kitu kidogo, na sanamu ikiwa imetulia hazina madhara yoyote. Tatizo la kitovu kilichokaa vibaya ni kwamba kosa lake hukua kadiri kiungo kinavyozunguka. Mlango ambao bawaba yake imepigwa misumari pembeni ya mahali pake hufungwa vizuri, lakini ukiusukuma wazi unakwaruza fremu.

Umbali ambao nyama inakosea ni mara mbili ya kosa la kitovu, ukizidisha kwa saini (sine) ya nusu ya pembe ya mzunguko. Kwa kosa la sentimita 3, mkono ukizunguka digrii 10 nyama inakosea nusu sentimita tu, na hakuna jicho litakalolalamika. Kwa digrii 60 inakosea sentimita 3 kamili. Kwa digrii 120 inakosea sentimita 5.2. Juu ya bega la bibi mwembamba, sentimita 5 ni bega lote. Hakuna mofu ya kusahihisha inayoweza kubeba kosa la namna hiyo kwa uaminifu, kwa sababu mofu husogeza nukta kwa mstari ulionyooka na kosa hili linasafiri kwa tao. Ukiliziba kwenye digrii 120, kwenye digrii 80 tayari umepishana nalo. Mofu nyingine inatengenezwa kwa ajili ya 80, na hiyo inaharibu 100.

Ndiyo sababu sanamu yoyote inayokusudiwa kutembea inapaswa kupimwa kwa mikao mikubwa kabla ya mtu kugusa rangi ya ngozi: mikono juu, mikono mbele, mkono kuvuka kifua kushika bega la pili, kiganja nyuma ya kisogo, kiwiko kimekunjwa hadi mwisho, kuchuchumaa. Fanya hivyo mwili ungali wa kijivu. Picha tuli iliyokubaliwa na mteja haipimi lolote kati ya hayo.

Mgongo uliopinda ni mkao

Kabla ya kusogeza mfupa wowote, kulikuwa na uamuzi mkubwa zaidi wa kufanya. Msanii alichonga mabega yaliyoshuka na mgongo uliopinda kama sehemu ya umbo. Mimi nilipendekeza tuviondoe kwenye umbo na kuvirudisha kwenye mifupa, yaani tuvifanye kuwa mkao wa kudumu.

Najua uti wa mgongo wa mzee hubadilika kweli, si suala la namna anavyosimama tu. Lakini hapa tunaulizana ni tabaka lipi litakalolibeba badiliko hilo bila kuleta vita na matabaka mengine. Mgongo ukipindwa kwa brashi, mbavu hazijui, mtulinga haujui, nguo hazijui. Ukipindwa kwa mifupa ya uti wenyewe, digrii chache kwa kila pingili ya rigi (mfumo wa mifupa ya sanamu), vyote hivyo hufuata. Shingo nayo inasogea mbele kwa sababu mfupa ulio chini yake umeinama, na kichwa kinainuliwa kidogo ili macho yatazame mbele, jambo ambalo mwili wenyewe hulifanya. Blender inakuruhusu kuufanya mkao huo kuwa mkao mpya wa kupumzika, na kuanzia hapo kila kitu kinaanza kuhesabiwa kutoka kwa bibi, si kutoka kwa kijana aliyefichwa ndani yake.

Kanuni hiyohiyo ilitumika kwa bega la kushoto, ambalo lilikuwa limechongwa chini kuliko la kulia ili mwili usifanane pande mbili. Wazo ni zuri. Watu halisi hawalingani pande mbili, na sanamu inayolingana kabisa huonekana kama kinyago. Lakini bega lililoshuka ni mkao. Kulichonga kwenye umbo kunavunja kioo cha rigi: huwezi tena kutengeneza mofu ya upande wa kulia na kuihamishia kushoto, wala kupaka uzito upande mmoja na kuugeuza. Tulirudisha mwili kwenye ulinganifu na kuacha tofauti za pande mbili usoni, kwenye nyusi, pembe za mdomo na ukope mmoja mzito zaidi. Bega likashushwa kwa mfupa.

Baada ya kuuondoa mkao kwenye umbo, kosa la kitovu lilipungua lenyewe mpaka kama sentimita 1, na hilo lililobaki lilitokana na nyama iliyopunguzwa kwa haki kwa ajili ya umri. Tulisogeza mwanzo wa mfupa wa mkono pamoja na mwisho wa mtulinga hadi katikati ya duara la bega, tukiangalia mbele, ubavuni na juu. Sehemu hiyo ndiyo ambayo watu huifanya kwa haraka. Kitovu cha bega hakikai katikati ya nyama yote unayoiona. Kinakaa juu kidogo na ndani kidogo, karibu na pale unapohisi mfupa ukizunguka ukiweka vidole vyako juu ya bega lako na kuinua kiwiko. Jipime mwenyewe kabla ya kuipima sanamu.

Mtulinga haukuwa ukifanya kazi

Mkao wenyewe wa kuinua mkono pia ulikuwa na kasoro, na ilikuwa ya uhuishaji. Mkono ulikuwa ukiinuliwa kwa mfupa wa mkono peke yake. Mwili haufanyi hivyo. Inman, Saunders na Abbott walieleza mwaka 1944 kwamba mkono unapoinuka, bega hugawana kazi kwa takriban mbili kwa moja: kwa kila digrii mbili za mfupa wa mkono, bapa la bega huzunguka digrii moja. Ukimwinua mtu mkono digrii 150 kwa kiungo kimoja, umemvunja bega, na sanamu inaonyesha mvunjiko huo kwa uaminifu.

Rigi nyingi za kawaida hazina mfupa wa bapa la bega. Zina mtulinga tu, nao ndio unaobeba sehemu hiyo ya kazi. Ukiupa theluthi yote, bega linagusa sikio. Kwa mwili huu digrii 25 hivi zilitosha, zikianza kuingia baada ya mkono kupita digrii 30. Draiva moja rahisi iliyowekwa kwenye mtulinga ilifanya kazi ambayo mofu kadhaa zilikuwa zikihangaika kuiigiza.

Kuna jambo jingine linalohusu umri. Uwezo wa bega kuinuka hupungua mtu anapozeeka. Bibi huyu hakuhitaji digrii 180. Tulimsimamisha mkono kwenye 140 na kuacha kiwiliwili kiegemee upande na visigino viinuke kidogo ili kumalizia umbali. Kwa macho yangu hapo ndipo alipoanza kuwa mzee kweli, kuliko kwenye mikunjo yoyote ya uso.

Uzito ulifuata. Uzito wa kwapa ulikuwa umepakwa na programu yenyewe, na nukta za ubavu zilikuwa zikiusikiliza mfupa wa mkono kuliko inavyostahili, hivyo mkono ulipopanda ulivuta mbavu. Tulizirudisha kwenye uti wa mgongo na mtulinga, tukalainisha kwa brashi mpaka uliopo kati ya uzito wa mfupa mmoja na mwingine, tukakomea kwenye mifupa minne kwa kila nukta. Msanii alikuwa amewasha pia chaguo la kutunza ujazo, linalotumia kwaternioni mbili (dual quaternions), aina ya hesabu ya mizunguko, njia iliyoelezwa na Kavan na wenzake mwaka 2007. Njia hiyo ni msaada mkubwa kwa viungo vinavyojipinda, lakini hulipia kwa kuvimbisha upande wa nje wa kiungo kinachokunjwa. Kwa bega hili uvimbe ulionekana, tukaizima.

Baada ya hapo, na ni baada ya hapo tu, tulirudi kwenye mofu za kusahihisha. Mofu inayofuata mkao ni mbinu inayoheshimika, iliyoandikwa vizuri na Lewis, Cordner na Fong mwaka 2000. Lakini ina sharti ambalo halionekani ukiwa unachonga. Unapoinua mkono na kusogeza nukta juu kwa sentimita 2, programu haihifadhi neno "juu". Inarudisha msogeo huo kwenye mkao wa kupumzika kwa kupitia uzito na mifupa ya wakati ule, na kuhifadhi mwelekeo utakaopatikana huko. Ukibadilisha uzito kesho, mwelekeo uleule utatoka upande mwingine. Kwa hiyo mofu zote 14 zilifutwa bila huruma. Zilikuwa sahihi kwa rigi ambayo haipo tena.

Zilizotengenezwa upya zilikuwa 3: mkono juu, mkono mbele, na kiwiko kilichokunjwa. Ile ya mkono juu ilijaza tu ukingo wa mbele wa kwapa, ule msuli unaotoka kifuani kwenda mkononi, na kulegeza ngozi iliyo nyuma yake. Draiva yake husoma pembe ya kuinuka kwa mfupa na kuacha kando mzunguko wake wa kujipinda, chaguo ambalo Blender inalo. Bila kutenganisha hivyo viwili, bibi akigeuza tu kiganja, bega linavimba.

Ngozi

Hapa kulikuwa na kasoro nyingine kabisa, na naiona mara nyingi mno kiasi kwamba sitaki kuipita. Bibi ana ngozi nyeusi. Msanii alichukua picha ya ngozi nyeupe na kuizidisha kwa rangi ya kijivu mpaka ikawa nyeusi. Matokeo yalikuwa ngozi ya majivu.

Tazama hesabu. Sehemu ya shavu yenye nyekundu 0.80, kijani 0.60 na buluu 0.50, ukiizidisha kwa 0.30, inakuwa 0.24, 0.18 na 0.15. Imekuwa nyeusi zaidi, lakini uwiano wa rangi umebaki wa ngozi nyeupe. Melanini haifanyi hivyo. Inameza buluu kuliko kijani, na kijani kuliko nyekundu, kwa hiyo ngozi inavyokuwa nyeusi ndivyo rangi yake inavyokolea. Tulilenga karibu na 0.24, 0.12 na 0.07, na uso ukapata damu. Njia ya kuzidisha pia ilikuwa imeweusisha viganja, nyayo na sehemu ya ndani ya midomo, ambako melanini ni kidogo. Hizo zilirudishwa kwa barakoa, yaani picha inayoonyesha rangi iguse wapi na isiguse wapi, iliyochorwa kwa mkono. Nasema wazi kwamba hii inastahili muda kuliko tunavyoipa. Watu wengi duniani wana ngozi hii, na mipangilio ya kuanzia ya programu nyingi haikuanza nao.

Kosa la pili lilikuwa mng'ao. Ngozi yoyote, nyeusi au nyeupe, hurudisha kwenye uso wake karibu asilimia 3 ya mwanga unaoipiga moja kwa moja, kwa sababu kipimo cha kupinda mwanga ni takriban 1.4 kwa wote. Kwenye ngozi nyeusi mwanga unaotoka ndani ni mdogo, basi mng'ao uleule unaonekana zaidi. Msanii aliuona, akadhani ni kasoro, akaongeza ukwaruzo mpaka ukapotea, na uso ukawa wa ubao. Tuliurudisha na kuutofautisha: paji la uso na pua laini zaidi, mashavu na shingo yenye ukwaruzo.

Mwanga unaosafiri chini ya ngozi ulikuwa umeruhusiwa kwenda sentimita kadhaa, na masikio yaliwaka kama taa. Vipimo vya ngozi ambavyo Jensen na wenzake walivichapisha mwaka 2001 vinatoa umbali wa kama milimita 3.67 kwa nyekundu, 1.37 kwa kijani na 0.68 kwa buluu. Vilipimwa kwenye ngozi nyeupe, kwa hiyo kwa bibi tulianzia hapo na kushuka. Hakikisha tu kwamba sanamu ina urefu wake halisi kwa mita. MakeHuman yenyewe huhesabu kwa desimita, na mtu akiingia kwenye programu nyingine akiwa na urefu wa mita 16, milimita hizo hazitaonekana kabisa na ngozi itakuwa jiwe.

Nguo hazikuwa na tatizo lake lenyewe. Blauzi ilinakiliwa uzito mpya kutoka mwilini, mofu 3 zikahamishiwa kwake, na ngozi iliyofunikwa kabisa na kitambaa ikafichwa kwa barakoa.

Kimoja hatukukigusa. Kigasha cha mkono wa kulia bado kinanyongeka bibi akigeuza kiganja kushika kitabu. Sababu yake inajulikana: nukta iliyogawanywa nusu kwa nusu kati ya mifupa miwili, mmoja ukijipinda digrii 90, hubaki na asilimia 71 tu ya umbali wake kutoka katikati, na kwenye 180 haibaki na kitu. Dawa ni kugawa kigasha kwa mifupa miwili au mitatu ya kujipinda, kila mmoja ukibeba sehemu yake. Mkono wa blauzi unafika hadi kwenye kifundo na kamera haikaribii, kwa hiyo kazi ilikabidhiwa hivyo, pamoja na maelezo ndani ya faili kwamba bibi akivishwa nguo ya mikono mifupi, mifupa hiyo iongezwe kwanza, uzito upakwe upya, kisha mofu ya kiwiko itengenezwe tena.